Bonaire: kuzamia bila nahodha

Mzamiaji aliyezoea Mnemba, Mafia au Kisite, kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki, akifika Bonaire atashangaa kwamba hakuna anayemsubiri. Kwetu siku hupangwa na nahodha pamoja na maji: yakijaa boti inaondoka, yakipwa kuna mahali hapafikiki, na mkondo ukigeuka kiongozi wenu ndiye wa kwanza kujua. Bonaire ni kisiwa cha Uholanzi katika Karibi, kaskazini mwa pwani ya Venezuela. Tofauti ya maji kujaa na kupwa pale ni ndogo, sentimita 30 hivi, na upepo wa mashariki huvuma karibu mwaka mzima, kwa hiyo upande wa magharibi hubaki shwari. Mwamba wa matumbawe nao uko karibu na ufukwe. Unakodi pikapu, unapakia mitungi ya hewa, unaendesha hadi uone jiwe la manjano kando ya barabara lenye jina la eneo, unaegesha, unavaa, unaingia majini na mwenzako. Hoteli nyingi huuza chumba, gari na mitungi katika bei moja.

Naupenda uhuru huo kuliko kitu kingine chochote katika likizo ya kuzamia, na ndiyo maana unanikera unapochukuliwa kama mchezo. Kazi zote ambazo kwetu hufanywa na nahodha zinahamia kwako: kusoma mawimbi, kupiga hesabu ya hewa, kukumbuka mlikoingilia, kujua saa ya kurudi.

Mambo ya karatasi hayachukui muda. Bahari yote inayokizunguka kisiwa hicho na mdogo wake, Klein Bonaire, ni hifadhi tangu 1979, kuanzia alama ya maji kujaa hadi kina cha mita 60. Anayeisimamia ni STINAPA, shirika la hifadhi za kisiwa. Ada ni dola 40 kwa mwaka wa kalenda, na bila uthibitisho wa malipo duka halikupi mtungi. Glavu haziruhusiwi, kwa sababu mwenye glavu hushika matumbawe. Boti hazitii nanga. Hufungwa kwenye maboya. Kuwinda samaki kwa mkuki kulipigwa marufuku mapema mno, 1971, na hilo unaliona kwa macho: pono wakubwa wanatafuna mwamba bila kukukimbia.

Kabla ya kuachiwa kwenda peke yenu, kila mgeni husikiliza maelezo ya hifadhi na kufanya mzamo mmoja wa kujipima mbele ya hoteli au duka lake. Wengi huuona ni usumbufu. Mimi nauona ndio mzamo wenye faida kuliko yote ya wiki, mradi uutumie kupima uzito wa risasi, yaani vipande vya madini mazito unavyovaa ili uzame. Mitungi ya pale kwa kawaida ni ya alumini, ya lita 11, inayojazwa hadi bar (kipimo cha shinikizo) 200 hivi. Ikiwa imejaa huzama kidogo, lakini ikikaribia kwisha huelea kwa karibu kilo 2. Aliyepima uzito na mtungi uliojaa atajiona yuko sawa sawa, kisha dakika ya 45, kwenye kina cha mita 5, anavutwa juu kama boya. Kwa hiyo pima mwishoni: bar 50 zikibaki, jaketi la kuelea likiwa halina hewa, pumua kawaida kwenye mita 5 uone kama unatulia. Kwa suti ya kuzamia yenye unene wa milimita 3, mtu wa wastani anaweza kuanza na kilo 3 hadi 5 za risasi, kisha apunguze kila anapoona amezidisha. Uzito uliozidi ndio unaovunja matumbawe, maana hukufanya uelee miguu chini, na mapezi uliyovaa miguuni yanafagia kila kitu.

Sasa hewa, na hapa nitakawia.

Chukua mtu anayetumia lita 18 za hewa kwa dakika akiwa juu ya maji. Kwenye mita 18 shinikizo ni bar 2.8, kwa hiyo anatumia lita 50 hivi kwa dakika. Mtungi wake una bar 200. Akitenga bar 50 za akiba, zinabaki bar 150 mara lita 11, yaani lita 1,650. Hizo ni dakika 33. Kwenye mita 10 mtu huyo huyo anapata dakika 46. Kwenye mita 30 anapata 23, na hapo hajahesabu kupanda. Mzamiaji anayejua namba yake mwenyewe hahitaji kuulizwa kila mara geji inasomaje, na namba hiyo ni rahisi kuipata: kaa kwenye kina kimoja dakika 10, andika bar zilizotumika, zidisha kwa ukubwa wa mtungi, gawa kwa dakika, kisha gawa kwa shinikizo la kina hicho.

Kanuni ya kwenda na kurudi nayo ni nyepesi. Mkishafika pale mwamba unapoanza kuporomoka, tulieni muone matawi ya matumbawe laini yanainamia wapi. Anzeni kuogelea dhidi ya mkondo. Geukeni kwenye bar 120 ya yule anayetumia hewa zaidi, wala si ya mwenzake. Mkirudi, mkondo unawasaidia, na kina kinapungua taratibu hadi mita 5, ambako mnakaa dakika 3 mkitazama samaki badala ya kuning'inia kwenye kamba. Huu ndio uzuri wa kuzamia kutoka ufukweni: mapumziko ya usalama, yale ya kuacha naitrojeni itoke mwilini kabla ya kuibuka, yanakuwa sehemu ya matembezi. Kosa linalojirudia ni kwenda na mkondo kwa sababu ni raha, kisha kurudi mkihema, hewa ikiisha upesi kuliko hesabu.

Halafu kuna kuingia na kutoka. Watu hujifunza kila kitu kuhusu kina, kisha wanaumia kwenye maji ya magoti. Ufukwe wa Bonaire kwa sehemu kubwa ni vipande vya matumbawe yaliyokufa na mwamba mkali wenye mashimo. Viatu vya soli nyembamba havifai. Simama kwanza, hesabu mawimbi kwa dakika kadhaa, uone mahali pa mchanga palipo wazi. Jaketi litiwe hewa nusu, maski usoni, regileta, yaani kifaa cha kupumulia, mdomoni tangu nchi kavu, mapezi mkononi. Nendeni mmeshikana, kwa kuburuta miguu badala ya kuinua, ili usikanyage shimo wala nungu wa baharini mwenye miiba mirefu. Maji yakifika kiunoni, jilaze, elea, ndipo uvae mapezi. Anayevaa mapezi akiwa amesimama kwenye maji ya magoti huanguka, na akianguka hujishika kwenye chochote, yakiwemo matumbawe yanayochoma. Wakati wa kutoka usiteme regileta mpaka uwe umesimama imara. Wimbi la mwisho ndilo linalomwangusha aliyedhani amemaliza. Kutambaa kwa magoti si aibu hata kidogo.

Maeneo ni mengi na kila mtu ana yake. 1000 Steps, yaani Ngazi Elfu, ina ngazi zisizofika hata mia moja, lakini ukizipanda na mtungi mgongoni jina linaeleweka. Karpata iko mbele zaidi kaskazini, kwenye kipande cha barabara cha njia moja: ukiipita hurudi ulikotoka, unazunguka kupitia Rincon. Mitungi yote muwe nayo, na oringi za akiba, zile pete za mpira zinazoziba mdomo wa mtungi, kwa sababu oringi moja iliyopasuka inaweza kuharibu nusu ya siku. Kila mtungi fungueni dukani, msikilize kama unavuja, msome geji. Waliotoka Ulaya wakiwa na regileta za DIN, zinazofungwa kwa skrubu, waulize adapta kabla ya kuondoka dukani.

Meli ya Hilma Hooker wote wanaitaka. Ina urefu wa mita 72, ilikamatwa ikiwa na shehena ya bangi, ikazama Septemba 1984, na sasa imelala kwa ubavu wa kulia kwenye mchanga, kama mita 30 chini. Wengi huenda na nitroksi ya asilimia 32, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni hadi kiwango hicho, na ni sawa: kikomo cha kina ni mita 33, na muda wa kukaa kwenye mita 30 bila kuhitaji vituo vya lazima wakati wa kupanda unasogea kutoka dakika 20 hadi karibu 30. Lakini rudi kwenye hesabu ya hapo juu. Hewa ya mtungi mmoja haifiki dakika hizo. Nitroksi hukupunguzia naitrojeni. Haikuongezei hata lita moja. Meli hiyo inatazamwa vizuri kwa dakika 12 au 15 chini kabisa, kisha unapanda kwenye ubavu wake wa juu, kwenye mita 18 hivi, na kumalizia juu ya mwamba. Mtungi wa nitroksi upime mwenyewe kwa kipimo kilichosawazishwa kwenye 20.9, uandike asilimia na kina cha mwisho, hata kama duka lina sifa nzuri.

Kusini zaidi kuna gati la chumvi, Salt Pier. Nguzo zake zimevaa sponji na matumbawe, na mwanga unaopenya katikati ya vikundi vya samaki ni mzuri kuliko meli yoyote. Meli ya kupakia chumvi ikiwa imefunga, haparuhusiwi. Njiani baada ya hapo utaviona vibanda vidogo vya mawe, vilivyojengwa karibu 1850, mlimolala watumwa waliochota chumvi hiyo. Mlango ni wa kuinama. Utumwa katika makoloni ya Uholanzi ya Karibi ulikomeshwa 1863. Baadhi ya maeneo ya kuzamia ya pale yana majina ya Kiingereza yenye neno mtumwa ndani yake, na watu huyataja wakifunga mapezi. Nashauri usimamishe gari, ushuke, uingie kibanda kimoja kabla ya kuvaa suti.

Gari lenyewe liache wazi, vioo vimeshushwa, bila kitu ndani. Wezi wa ufukweni wanajua mzamo unachukua saa nzima. Ufunguo ingia nao majini, ndani ya kikopo kisichoingiza maji hata kwenye mita 40. Ufunguo wenye umeme uachwe hotelini, uliza ule wa chuma mtupu.

Usiku, zamia mbele ya hoteli. Tarpon, samaki wa rangi ya fedha wanaozidi mita moja, watakufuata wakiwinda kwa mwanga wa tochi yako. Usimmulike samaki mdogo kwa muda mrefu, utakuwa umemhukumu. Siku chache baada ya mwezi mpevu, kama dakika 45 tangu jua litue, zimeni tochi. Vijidudu vidogo vya majini huachia nukta za mwanga wa bluu, moja juu ya nyingine, vikitafuta wenzi.

Ugonjwa unaoua matumbawe magumu, uliokwisha kuharibu miamba mingi ya Karibi, ulionekana Bonaire 2023. Tangu hapo kuosha vifaa si suala la kuvitunza tu. Kila baada ya mzamo vioshwe kwa sabuni na maji yasiyo ya chumvi, vikauke, na ndani ya jaketi pia, kwa sababu maji yanayobaki mle ndiyo yanayosafiri hadi mwamba mwingine.

Siku ya mwisho usizamie. Baada ya siku kadhaa za mizamo ya kurudiarudia, subiri angalau saa 18 kabla ya ndege. Mimi husema 24, maana saa za ziada hazigharimu kitu. Ada uliyolipa inakuingiza pia Washington Slagbaai, hifadhi ya nchi kavu kaskazini. Kilele chake, Brandaris, ni mita 241 tu, chini ya urefu unaohesabiwa kama kuruka kwa ndege. Ondoka asubuhi, kabla jua halijakaza, na maji ya kutosha, kwa sababu geti hufunga kuingiza wageni mapema.