Mwalimu aliyeuliza "Umejuaje?"

Huku Massachusetts, Marekani, wiki ya kwanza kamili ya Mei ni ya kuwashukuru walimu. Kwenye kundi letu la wazazi la WhatsApp michango imeshaanza: keki, vikombe, kadi za kununulia kahawa. Nimechanga, na sambusa nitapeleka. Ila wazazi wenzangu, mwaka huu naomba tuandike na barua, na kila barua itaje jambo alilolifanya mwalimu.

Mwanangu anasoma darasa la 9, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari, katika shule ya chata hapa Boston. Kwa mlioko nyumbani: hizi ni shule za umma, hazina ada, lakini kila moja ina bodi yake na kibali cha jimbo cha miaka 5. Waombaji wakizidi nafasi, inachezwa bahati nasibu. Mwaka 2016 wapiga kura walikataa ziongezwe, na hadi leo tukikutana harusini au msibani watu wanabishana kama zinachota fedha za shule nyingine. Hoja hiyo ni ya haki kabisa. Lakini mwalimu anayeingia darasani asubuhi hahusiki na ubishi huo.

Na wapo walimu hodari humo. Mwalimu Bora wa Taifa wa mwaka 2017 alitoka hapahapa Boston, mtaa wa Dorchester: Sydney Chaffee, aliyekuwa akifundisha darasa la 9 Codman Academy. Tuzo hiyo ilianza mwaka 1952, na yeye ndiye mwalimu wa kwanza wa shule ya chata kuipata. Nafurahi zaidi kwamba ni wa darasa la 9, maana hapo ndipo watoto wengi hupotea.

Wangu alikuwa ameanza kupotea. Insha zake za historia zilikuwa mistari michache, basi. Mwalimu wake hakumpa sifuri. Kando ya sentensi moja aliandika kwa wino wa kijani: "Umejuaje? Nionyeshe." Chini yake, tena: "Nani mwingine alikuwepo?" Nikitoka zamu ya usiku nikamkuta mwanangu mezani, karatasi zimetapakaa, anabishana na kitabu. Insha ya pili ilijaza kurasa, na wino wa kijani ukaongezeka.

Marehemu mama alifundisha shule ya msingi Muheza. Mei Mosi moja alitajwa mfanyakazi hodari, akapewa cheti na bahasha. Fedha ziliisha wiki ileile. Cheti kilikaa ukutani sebuleni, na kila mgeni alikisoma.

Kwenye barua yangu nimetaja wino wa kijani na maswali yote mawili. Nakala nampelekea mkuu wa shule, aiweke kwenye faili la mwalimu. Walimu wa chata hapa hawana ulinzi wa ajira walio nao wenzao wa shule za wilaya, kwa hiyo siku mkataba wake ukijadiliwa, nataka karatasi hiyo iwepo mezani.