Namna nilivyoielewa misuli ya mbele ya paja

Katika mwaka wangu wa kwanza wa masomo ya uuguzi, jaribio la anatomia ya mguu lilinishinda, kwa kuwa nilikuwa nimekariri majina ya misuli bila kujua upi unaanzia wapi na kuishia wapi. Nilipojiandaa kulirudia, niliweka daftari kando, nikaketi ukingoni mwa kitanda, nikalaza kiganja juu ya paja langu na kuunyoosha mguu polepole.

Kilichokaza chini ya kiganja ni kwadrisepsi, yaani misuli minne ambayo kano zake huungana na kuishika pia ya goti. Kutoka hapo kano moja nene hushuka hadi kwenye kinundu kilicho mbele ya mfupa wa muundi, nacho nilikipapasa mara nyingi mpaka nikakizoea. Mitatu kati ya misuli hiyo, vastasi lateralisi upande wa nje, vastasi midialisi upande wa ndani na vastasi intamidiasi iliyojificha katikati, huanzia kwenye fupa la paja lenyewe, na kwa sababu hiyo kazi yake ni kunyoosha goti tu. Wa nne, rektasi femorisi, huanzia juu zaidi, kwenye mfupa wa nyonga. Kwa kuwa huvuka kiungo cha nyonga na cha goti, husaidia pia kuinua paja. Tofauti hii ndiyo iliyonifungulia somo zima, wala sikuhitaji tena kukariri.

Msuli wa satoriasi, mrefu kuliko yote mwilini, niliuelewa kwa kukunja nne. Hutoka mbele ya nyonga, hukatiza paja kimshazari na kuishia upande wa ndani wa muundi, na jina lake linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya fundi wa nguo, ambaye zamani alishona akiwa ameketi na kukunja miguu.

Baadaye, katika mazoezi ya vitendo kliniki ya watoto, mama mmoja aliniuliza, "Nesi, mbona mnamchoma pajani, si matakoni?"

"Mama, hapa katikati, upande wa nje, pana msuli mnene hata kwa mtoto mchanga, na ni mbali na neva kubwa ipitayo matakoni."

Nilimwonyesha mahali penyewe kwa kidole, naye akamshika mwanawe vizuri, nikachoma.