Kupunguza matiti: wiki 6 za mwanzo

Dada unayejiandaa kupunguza matiti, sigara acha angalau wiki 4 kabla, na shisha pia. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na chuchu ikikosa damu hufa. Upasuaji wenyewe ni saa 2 hadi 4, chini ya nusukaputi.

Panaposumbua zaidi ni chini ya titi, mishono inapokutana: ngozi pale imevutwa sana, hufunguka kidogo na kutoa majimaji. Mara nyingi hufunga kwa kusafishwa na kubadilishwa bandeji tu.

Sidiria ya kubana isiyo na waya, usiku na mchana, wiki 6. Ndoo za maji wabebe wengine.

Titi moja likivimba ghafla na kuwa gumu, huenda damu inavujia ndani. Rudi hospitali usiku huohuo. Na kama bado unataka kunyonyesha, mwambie daktari kabla hajakuchora mistari ya mahali pa kupasua.