Zege

Wiki hii mahari ya mdogo wangu imepokelewa Morogoro na ofisini tumehamishiwa ghorofa ya sita, lakini nikizima taa ninayemsikia ni kocha, pale ufukwe wa Coco tunapokimbilia, Jumamosi asubuhi.

"Shikamoo kocha."

"Marahaba mwanangu. Mbona unachechemea?"

Nikamwambia goti la kulia, na kwamba nimeanza kupiga vyuma ili miguu ipate nguvu. Akainama kufunga kamba za viatu. "Sasa wewe unataka kukimbia au unataka kubeba zege?"

Wenzangu wakacheka. Nikanyamaza.

Tangu hapo nimeshamjibu mara mia, kwenye daladala, nikimenya vitunguu. Kocha, kila hatua tunayokimbia mguu mmoja unapokea uzito wa mwili mara mbili na zaidi. Nyonga ikilegea, goti linaingia ndani. Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni, alichukua dhahabu ya dunia kule Tokyo mwaka 2025 kwa tofauti ya sekunde 0.03, baada ya kilomita 42! Miguu isiyo na nguvu inatoa wapi mbio kama zile mwishoni?

Leo nimefungua daftari la mazoezi nipate ushahidi zaidi. Jumapili: kilomita 22. Jumatatu: skwati, chuma cha kilo 50 begani, maana kijana wa jimu aliongeza sahani za uzito nami nikakubali. Nikabaki nimeishika kalamu. Kabla ya lile neno la zege, kocha aliniuliza mambo mawili. Vyuma ulipiga lini? Jumatatu. Na mbio ndefu? Jumapili. Siku zote hizi nimekuwa nikiyaruka.

Kunichekesha mbele za watu hakupaswa, hilo bado linaniuma. Lakini goti aliliona: chuma kizito juu ya miguu iliyochoka na mbio za jana yake.

Basi nikatoka ngazi za nyuma, begi la vitabu mgongoni. Nikasimama kwa mguu mmoja ukingoni mwa ngazi, nikanyanyua kisigino, nikakishusha taratibu, moja, mbili, tatu. Mara 12 kila mguu. Kisha kupanda na kushuka kigoda, nikiliangalia goti lisiegemee ndani. Halikuuma hata kidogo! Shavu la mguu lilikuwa linatetemeka kwa uchovu mtamu. Nitafanya Jumanne na Alhamisi, chuma kitangoja mpaka goti litulie.

Mama hajapokea simu tangu jana magharibi. Jirani yake naye hapatikani.