Siku moja kliniki ya figo: jua lipo, vitamini D haipo

Saa 1:00 asubuhi. Siku ya waliopandikizwa figo huanzia benchi la kutolea damu. Baada ya shikamoo nauliza: "Dawa ya asubuhi hujanywa, mama?" Kiwango cha takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili usiikatae figo mpya, hupimwa kabla ya dozi ya asubuhi, zikiwa zimepita saa 12 tangu ile ya usiku. Aliyekwisha kuimeza, kipimo cha leo kitadanganya.

Benchi limejaa. Kabla ya Novemba 2017, Hospitali ya Muhimbili ilipofanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini Tanzania, wengi walilazimika kwenda India. Leo wanapanda daladala.

Saa 3:00. Majibu ya vitamini D. Mama mmoja yuko chini ya nanogramu 20 kwa mililita, kiwango tunachokihesabu kuwa upungufu. Anashangaa: "Sista, Dar hii yenye jua la kuchoma?"

Namchorea nyuma ya karatasi. Ngozi hutengeneza vitamini D kwa jua, ini huibadilisha, kisha figo huimalizia ili ifanye kazi. Miaka ya ugonjwa imeivuruga njia hiyo, na figo mpya haiirudishi yote siku hiyo hiyo. Prednisoloni, mojawapo ya dawa zake za kushusha kinga, nayo huharakisha kuivunja vitamini hiyo. Isitoshe, ni sisi tunaowaambia wavae kofia na mikono mirefu, kwa sababu dawa za kushusha kinga huongeza hatari ya saratani ya ngozi. Ngozi nyeusi nayo huhitaji jua la muda mrefu zaidi. Mama wa watu hajakosea lolote. Daktari anamwandikia vidonge, na kalisiamu yake itapimwa tena.

Saa 5:00. Kijana ana UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, na si mara ya kwanza. Ameambiwa mtaani achome sindano kubwa ya vitamini D "kupandisha kinga". Hapa sina haraka, hata foleni ikinung'unika.

Wanaomshauri hawakuanzia hewani. Seli za kinga huitumia vitamini D kutengeneza protini za kuulia vijidudu, hata bakteria wa kifua kikuu. Tafiti zilizofuatilia waliopandikizwa figo zimeona pia kwamba wenye kiwango cha chini huugua zaidi UTI na virusi vya CMV, vinavyowasumbua wenye kinga ndogo. Lakini mtu anayeuguaugua hushinda ndani na hula kidogo, hivyo kiwango chake kinaweza kushuka kwa sababu anaumwa. Dozi kubwa hazijathibitika kuwakinga wagonjwa hawa na maambukizi. Zikizidi, kalisiamu hupanda na kuiumiza figo ileile aliyopewa na dada yake.

Kwa hiyo namwambia: upungufu tutautibu, mifupa yako inaihitaji vitamini D. Ila ngao yako ni maji ya kutosha, kutobana mkojo, mikono safi, na antibayotiki ya Septrin kwa muda wote uliopangiwa. Kuhusu mitishamba ya kinga nakuwa mkali: mingine huvuruga kiwango cha takrolimasi, na kinga yenyewe tumeishusha kwa makusudi ili mwili usiikatae figo.

Saa 8:00 mchana. Wali na maharage, nikiwa nimesimama.

Saa 9:00. Dirisha la dawa. Baba mmoja ana vidonge vya vitamini D vya aina mbili, kimoja cha hapa, kingine cha duka la mtaani, na anavimeza vyote. Tunaondoa kimoja na kuandika kwenye kadi yake. Naamini kila kliniki ingewaomba wagonjwa waje na mfuko mzima wa dawa, kwa maana midomo husahau.

Saa 11:00 jioni. Simu. Mke wa mgonjwa anasema mumewe ana joto 38 na baridi inamtetemesha. Amempa panadoli, wanasubiri asubuhi. Hapana, dada. Aliyepandikizwa figo akipata homa haingoji asubuhi, kwa kuwa dawa zake huficha dalili na maambukizi huenda mbio. Napiga simu dharura, namweleza daktari wa zamu dawa anazotumia.

Saa 1:00 usiku. Wamefika. Mkojo na damu vimechukuliwa kwa ajili ya kuotesha vijidudu, na antibayotiki imeanza.