Injini ya 46: wiki tatu za kuizoesha bila nitro

Jumamosi, 7 Juni

Leo nimechanganya lita nne za kwanza za mafuta ya injini mpya ya ndege yangu ndogo ya mfano, ile ninayotaka kuizoesha, yaani kuiendesha kwanza ili vyuma vyake vizoeane. Nimechanganyia barazani, mbali na jiko. Methanoli lita 3.2, oili ya nyonyo lita 0.8. Nitro (nitromethani) hakuna hata tone.

Kwa baridi hii ya Juni ya Arusha, oili ya nyonyo inatoka chupani kama asali. Niliitumbukiza chupa kwenye ndoo ya maji ya moto kwa dakika ishirini kabla ya kuipima. Ikipata joto inateremka vizuri, na ukiimimina kwenye methanoli unaona nyuzinyuzi zikicheza ndani kama sukari inayoyeyuka kwenye chai ya rangi, kisha zinapotea na dumu zima linabaki na umanjano hafifu. Nimetikisa, nimefunga kifuniko kwa nguvu, nimeliacha lilale. Methanoli inanyonya unyevu wa hewani, na dumu lililoachwa wazi usiku mmoja linaweza kukupa wiki nzima ya kuitafuta mizinguo ambayo haiko kwenye injini.

Watu wengi wanaziita injini za nitro, nami naziita hivyo hivyo, ila kinachoungua humo hasa ni methanoli. Mafuta ya kawaida ya ndege za mfano za mazoezi huwa na nitromethani asilimia 5 hadi 15. Kazi yake ni kuongeza nguvu, kwa kuwa molekuli yake inabeba oksijeni yake yenyewe, na kuifanya injini itulie ikiwa inazunguka taratibu. Si lazima iwepo. Kanuni za FAI, shirikisho la michezo ya anga duniani, kwa baadhi ya mashindano ya kasi zinataka methanoli asilimia 80 na oili asilimia 20, basi. Zile ndege zinakimbia kupita chochote nitakachowahi kurusha. Nitro kuipata hapa ni kazi kubwa na bei yake haishikiki, kwa hiyo nimeamua kuishi bila hiyo.

Mpwa wangu alikuja kutazama. Nilimwagia matone machache ya methanoli kwenye kifuniko cha bati uani, nikawasha kiberiti.

"Mjomba, mbona haijawaka?"

Nikamwambia aweke karatasi juu yake. Ikashika moto papo hapo. Mchana wa jua, moto wa methanoli hauonekani, na ndiyo maana nilitaka auone, au tuseme aone kwamba hauonekani. Kisha nikamweleza la pili: vijiko viwili vya chai vya kitu hiki vinaweza kumpofusha mtu, na kinapenya hata kwenye ngozi. Mei 2014 jirani zetu Kenya walizika makumi ya watu waliokunywa pombe yenye methanoli. Dumu langu limeandikwa SUMU pande zote nne kwa kalamu nyekundu, linakaa stoo yenye kufuli, na sitalihamishia kamwe kwenye chupa ya maji au ya soda.

Jumapili, 8 Juni

Nimechuja mafuta kwa chujio laini na kufunga injini kwenye stendi: ubao mnene wa mninga uliobanwa kwa boliti kwenye meza ya chuma. Tangi liko usawa wa kabureta. Mipira ni ya silikoni, inayofaa kwa methanoli. (Silikoni ikikutana na petroli inavimba na kulainika, msizichanganye kazi hizi mbili.) Pangaboi ni 11x6, yaani inchi 11 toka ncha hadi ncha, na mlalo wa mapanga wa inchi 6 kwa kila mzunguko.

Sasa niseme la injini iliyotangulia, kwa sababu hii ya sasa nimeinunua kwa maumivu ya ile.

Niliizoesha ile nilivyozoea kusikia kwamba injini mpya huzoeshwa: sindano ya kabureta, inayopima mafuta, wazi kabisa, mafuta yakimwagika kwenye egzosi, inakohoa-kohoa tu, tangi baada ya tangi, ikiwa imepoa kiasi cha kushikika kwa mkono. Nilimaliza lita nzima hivyo, nikiamini naitunza. Baada ya mwezi mmoja wa kuirusha ikawa haina kompresheni. Ukizungusha pangaboi kwa kidole linapita tu, kama mlango usio na komeo.

Kumbe ushauri ule ni sahihi kwa injini za ringi na zile za zamani za pistoni ya chuma. Ya kwangu ilikuwa ABC: pistoni ya aluminiamu, silinda ya shaba ya njano, ndani yake imepakwa kromu. Silinda hiyo haiko sawa juu na chini. Imebanwa kidogo kuelekea juu, na ikiwa baridi pistoni inakaza pale kileleni. Aluminiamu ya pistoni imechanganywa na silikoni nyingi (elementi, si ile ya mipira) ili isitanuke sana. Shaba inatanuka kuizidi. Kwa hiyo injini ikifika joto lake la kazi, ile sehemu iliyobanwa inafunguka na pistoni inapita na utando wa oili tu katikati. Ukiiendesha ikiwa baridi, kila mzunguko pistoni inagonga ule mbano. Mara elfu nyingi kwa dakika. Nilikuwa nailisha mafuta mengi, na huku naisaga.

Injini hii mpya nayo ni ya familia hiyo ya silinda iliyobanwa juu. Ina sentimita za ujazo karibu 7.5, ndiyo inchi za ujazo 0.46 zilizoipa jina. Nikiizungusha kwa mkono, inakwama kileleni na kutoa mlio mdogo mkavu. Safari hii mlio huo hauniogopeshi. Ndiyo mali niliyoinunua, na nataka niilinde.

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi kulikuwa na ukungu, Meru haionekani. Niliazima drayer ya nywele ya dada na kuipuliza kichwa cha injini mpaka nikashindwa kukishika. Ndipo nikaweka betri kwenye plagi.

Plagi hii nimeipenda tangu siku ya kwanza. Ndani yake kuna kizongo kidogo cha waya wa platini. Betri ya volti 1.5 inauwasha uwe mwekundu, injini inashika, unaondoa betri, na waya unaendelea kuwaka wenyewe kwa sababu mvuke wa methanoli ukiigusa platini unatoa joto. Hakuna koili wala nyaya za umeme kwenye ndege. Ray Arden wa Marekani aliileta sokoni mwaka 1947, na mpaka leo haijabadilika sana.

Ilishika kwa mara ya nne. Nilikuwa nimefungua sindano mizunguko mitatu, ikawa inakohoa na kutema moshi mweupe. Sikuiacha hapo. Ndani ya sekunde ishirini nilianza kuifunga sindano kidogo kidogo, nikiwa nimesimama nyuma ya pangaboi, mpaka sauti ikawa inabadilika-badilika yenyewe: mara inakohoa, mara inanyooka na kuwa mlio mmoja mkali, kisha inarudi kukohoa. Mpaka huo ndio niliokuwa nautafuta. Injini iko kwenye joto lake, na bado inapata oili ya kutosha.

Dakika mbili, nikabana mpira wa mafuta, ikazima. Kichwa kilisoma nyuzi 96 kwenye kipima joto cha mwanga. Nikazungusha pangaboi mpaka pistoni ikashuka chini kabisa, nikaiacha ipoe hapo, maana silinda ikisinyaa huku pistoni imebaki kileleni, inasinyaa ikiwa imeikumbatia. Nilisubiri nusu saa mpaka ikapoa kabisa, nikanywa chai, nikarudia.

Leo nimefanya mara tano. Kupata joto na kupoa ndiko kunakotuliza chuma na kulainisha zile sehemu zilizobanana. Tangi moja refu lisingefanya kazi hiyo.

Jumapili, 15 Juni

Mara tano nyingine. Mwishoni niliiacha inyooke sekunde kumi, nikairudisha. Kileleni bado inakaza ikiwa baridi, ila ule mlio mkavu umekuwa laini.

Oili iliyokuwa ikitoka kwenye egzosi jana ilikuwa na kijivu cha chuma ukiipangusa kwa kitambaa cheupe. Leo inatoka safi, rangi ya asali.

Jumapili, 22 Juni

Leo ilikuwa zamu ya kipima mizunguko. Kwanza nilikihakiki chini ya taa ya tyubu jikoni: kwa umeme wetu wa 50 Hz, kikiwekwa kwa pangaboi la mapanga mawili lazima kisome mizunguko 3,000 kwa dakika. Kilisoma 3,000.

Injini, kabureta ikiwa wazi kabisa, ilifika 10,700. Nikarudisha sindano mpaka 10,400, hapo ndipo patakuwa pake kwa sasa. Rafiki yangu wa Dar ana injini kama hii, pangaboi kama hili, mafuta yenye nitro asilimia 10, naye anapata zaidi ya 11,500. Sijasikitika. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na hewa yetu ni pungufu kwa karibu asilimia 13 kuliko ya pwani. Hewa ikiwa chache, mafuta nayo yapunguzwe. Juu ya hilo, nitro inataka mafuta mengi zaidi kwa hewa ile ile. Ndiyo maana sindano yangu imetulia kwenye mzunguko mmoja na robo tatu, wakati yeye yuko kwenye mbili na nusu. Anayefuata kijitabu cha injini bila kufikiria mahali alipo ataishia na mashine inayokohoa siku nzima.

Majaribio mawili niliyoyarudia mpaka nikaridhika. La kwanza, kubana mpira wa mafuta kwa vidole kwa nukta moja: mizunguko ikipanda kidogo ndipo ishuke, kuna akiba ya mafuta, ikishuka moja kwa moja, umekaza sindano mno. La pili, kuinua stendi pua ikitazama juu, maana ndege ikipanda tangi linakuwa chini ya kabureta na mafuta yanapungua. Haikulegea.

Tatizo pekee ni kuzunguka taratibu. Chini ya 2,900 inazima. Hapo ndipo nitro ingenisaidia. Nimebadilisha plagi na kuweka ya moto zaidi, sasa inakaa 2,600.

Jumamosi, 28 Juni

Imeruka.

Ndege ni ya mazoezi, mabawa juu, balsa na plaiwudi, nimeijenga tangu Januari. Mpwa aliishikilia mkia, nikafungua kabureta taratibu mpaka mwisho, nikamtikisia kichwa aachie. Nyasi zilikuwa na umande. Ilikimbia kama mita thelathini, ikainuka. Sindano niliifungua kidogo zaidi ya nilivyoiacha kwenye stendi, kwa kuwa angani pangaboi linapata wepesi na mizunguko inapanda. Ilipokuwa inapanda ulionekana uzi mwembamba wa moshi mweupe nyuma yake. Nilikuwa nautazama ule moshi kuliko ndege yenyewe. Moshi ukikatika, oili imekatika.

Dakika nane, nikaishusha.

Kabla ya kufungasha niliondoa mpira wa mafuta injini ikiwa inazunguka, ikanywa mpaka tone la mwisho, ikazima. Nikadondosha oili nyepesi ya mashine kwenye kabureta na tundu la plagi, nikazungusha mara kumi. Masalia ya methanoli yanavuta maji, na maji yanaanza na beringi.

Ikiwa imepoa kabisa nilirudisha plagi na kuzungusha pangaboi kwa kidole kimoja. Lilifika kileleni, likagoma. Nikaongeza nguvu kidogo, likapita. Mkia na tumbo la ndege vimejaa oili ya nyonyo, mpwa anavifuta kwa sabuni ya unga na maji ya uvuguvugu, na dumuni zimebaki lita mbili na kitu.