Nilivyootesha mzeituni mwitu kwa baridi ya Uyole

Kitalu changu kipo Uyole, Mbeya, na kinachonilipia ada za watoto ni parachichi. Miti ya asili naatika kidogo tu, kwa ajili ya vikundi vinavyohangaika kurudisha vyanzo vya maji vilivyokauka kwa mikaratusi. Kikundi kimoja cha upande wa Mporoto ndicho kilichoniagiza mizeituni mwitu. Ile michache iliyobaki kwenye miamba juu ya kijiji chao inakufa ikiwa imesimama. Watu wanabandua magome kuzunguka shina zima kwa ajili ya dawa, na matawi yanaishia kwenye tanuri la mkaa kwa sababu mbao yake ni nzito na moto wake unadumu.

Nikawauliza wenzangu wenye vitalu. Wote jibu moja: kokwa ile haioti, wape misindano.

Kabla ya kuotesha ilibidi niujue mti wenyewe. Fundi seremala mmoja aliniambia anao uani kwake, nikakuta ni loliondo. Hiyo ni ndugu yake, Olea welwitschii, mbao safi kabisa, lakini siyo. Tunaoutafuta ni Olea europaea, spishi ile ile inayotoa mafuta Hispania na Ugiriki, ila huu wa kwetu wataalamu wameutenga kama nususpishi ya cuspidata. Njia ya kuutambua ni kugeuza jani. Juu linang'aa, kijani chenye ukijivu. Chini lina rangi ya dhahabu iliyochujuka, na ukiweka lenzi unaona siyo vinyweleo bali magamba madogo ya mviringo, yamesongamana kama miavuli iliyofunguliwa sokoni siku ya mvua. Hayo magamba ndiyo yanayobana maji yasipotee, na ndiyo maana mti huu unaishi kwenye mawe ambako mwingine ungenyauka.

Matunda yake hayafiki unene wa zile zeituni za chupa. Yakiiva yanakuwa ya zambarau karibu na nyeusi, na hapo vita na ndege inaanza. Mzee aliyenipeleka kwenye miti ile alinikuta nimesimama chini natazama juu.

"Mwanangu, ukisubiri yaanguke yenyewe utaokota mavi ya njiwa."

Tukatandika turubai, kijana akapanda kutikisa. Nyama ya tunda niliiondoa kwa kusugua na mchanga kwenye karai, nikamwaga kokwa zote zilizoelea.

Kazi yenyewe ipo kwenye kokwa. Watafiti wa zeituni wameshaandika sana juu ya hili, na mpwa wangu anayesoma chuo ndiye aliyenitafutia makala na kunisomea. Vizuizi ni viwili. Ganda gumu linaibana mbegu isivimbe, na hata ukilitoa, mbegu yenyewe ina usingizi wake unaovunjwa na ubaridi. Kwa zeituni ya shambani, nyuzi joto zinazofaa ni kama 13 hadi 15. Joto likizidi, hata mbegu iliyomenywa inagoma. Wenzetu wanatumia vyumba vya kupoozea. Mimi nilipozisikia hizo nyuzi nikacheka, maana huo ndio Juni na Julai wetu, ambao kila mtu Mbeya anaulalamikia akiwa na koti mbili.

Kupasua ganda bila kuumiza mbegu kulinifundisha uvumilivu. Nyundo inaponda kila kitu. Nilichotumia ni jiliwa ya fundi baiskeli: unailaza kokwa ubavu kati ya meno, unazungusha mpini polepole, ukisikia "tik" unaacha hapo hapo. Ganda limepata ufa, basi. Malizia kwa ukucha. Ndani kuna mbegu yenye ngozi nyembamba ya kahawia, na ukiikwaruza tu unaona weupe wenye mafuta. Iliyokwaruzika itaoza, usijidanganye nayo. Nzima nililoweka usiku kucha, nikaziatika kwenye mchanga wa mtoni niliokwisha kuumwagia maji ya moto, chini ya kivuli, na kumwagilia asubuhi tu. Pembeni niliweka sinia la kokwa zisizopasuliwa ili nilinganishe.

Zilizopasuliwa zilianza kutokeza baridi ikiwa bado haijaisha. Sinia la pili lilikaa kimya, likatoa miche ya hapa na pale baadaye sana. Ilipofikia majani manne nikaihamishia kwenye viriba. Inakua taratibu mno, mteja wa parachichi angenitukana.

Habari zikasambaa, akaja mama mmoja kuomba majani ya presha. Sikumwambia ni uzushi. Mwaka 2003 watafiti wa Afrika Kusini walichapisha matokeo ya dutu walizozitoa kwenye majani ya zeituni, ukiwemo mwitu wa Afrika: ziliwazuia panya wasipande presha. Lakini ni panya, na zile ni dutu zilizosafishwa na kupimwa maabara, siyo chai ya sufuria.

"Vidonge nameza, mwanangu. Majani nataka ya kuongezea."

Hapo ndipo penye hatari, maana viwili vinavyoshusha presha kwa pamoja vinaweza kuishusha kupita kiasi. Nikamwomba akamuulize kwanza daktari wake wa kliniki. Alinuna kidogo, akaondoka na mche wa parachichi.

Kikundi kimeshachukua miche yake, na nimewasisitiza wazungushie miiba, kwa kuwa mbuzi wanayapenda majani hayo. Michache nimeibakiza kuwa mashina ya kubebeshea, yaani kupandikizia vikonyo vya zeituni ya mafuta. Mtume Paulo anawaambia Warumi habari ya tawi la mwitu kupandikizwa kwenye mzeituni mwema, naye mwenyewe anakiri ni kinyume cha asili. Wakulima wa Pakistan wanafanya upande wa pili, wanabebesha zeituni ya mafuta juu ya mwitu. Fundi wa Tukuyu anayenibebeshea parachichi yuko tayari kujaribu shina likifika unene wa penseli. Mzeituni wa mafuta hauchanui vizuri pasipo majira ya baridi, kwa hiyo miche ya kwanza nitaipeleka Makete. Wasiwasi wangu ni nzi wa zeituni, ambaye asili yake ni Afrika hii hii na anaishi kwenye miti ya mwitu. Wamarekani walipomchoka kule California walikuja hadi Kenya kutafuta nyigu wanaomshambulia. Sisi nyigu hao huenda tunao tayari juu ya miamba, na msimu ujao nitafunga matunda kadhaa kwenye chupa nione kinachotoka.